Udongo Kifuani mwa Diwani

Kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni, kikazunguka sakafuni kwa mlio wake wa bati, kikapunguza sauti kidogo kidogo, kikanyamaza. Nje bado giza, hata jogoo wa kwanza hajawika. Nilikaa kitandani nikasikiliza. Paka wetu alikufa wakati wa Pasaka. Panya hana nguvu ya kuinua kifuniko cha sufuria ya muthokoi. Na mume wangu Mulinge alikuwa Kitui kwenye kazi ya barabara, harudi mpaka Jumamosi.

Kisha nikasikia kutafuna.

Kathini, binti yangu wa miaka mitano, akasogea kitandani akaniwekea mdomo sikioni. "Ni Diwani," akanong'ona.

Ndivyo anavyoongea Kathini, kwa kunong'ona. Akiwa nami huongea, akiwa na kondoo wake huongea, lakini mbele ya watu sauti yake hujificha. Mwalimu wake wa chekechea aliniambia nisiwe na haraka, itatoka siku yake ikifika.

Nilipofika jikoni na tochi ya simu, nilimkuta Diwani amesimama katikati kama mwenye nyumba, kifua mbele, kichwa chake cheusi kimezama ndani ya sufuria mpaka masikioni. Alikuwa anakula mahindi na maharagwe ya mchana wetu. Aliinua uso akanitazama. Haragwe moja lilikuwa limemganda puani.

"Wewe," nikamwambia, "chakula unakijua. Na kazi je?"

Akarudisha kichwa sufuriani. Madiwani ni watu wa kukujibu wakati wa kura tu.

Diwani ni kondoo dume. Mwili wake ni mweupe, na kichwa mpaka shingoni ni cheusi tititi, kama mtu aliyevaa kofia ya sufu akaivuta mpaka chini. Jina alipewa na watu wa Kabati kwa sababu ya mwendo wake: akipita sokoni hutembea polepole, akimgeukia kila mtu, utadhani anasalimia. Mwenyewe ni mali ya Umoja. Umoja wetu ni wa wafuga kondoo wa Kitui na Makueni. Hatuna ofisi wala mshahara. Tuna mwethya: kila Jumatano tunakusanyika boma la mwanachama mmoja, tunajenga, tunachimba, tunaogesha kondoo wake dawa, tunaimba, tunakula, tunarudi nyumbani. Jumatano inayofuata ni zamu ya mwingine.

Pia tuna madume manne ya mbegu nzuri. Hayakai mahali pamoja. Msimu huu dume yuko upande wa Kitui, msimu ujao anavushwa kuja Makueni, ili asije akapanda binti zake mwenyewe. Na kila anapofika, lazima awepo mwanachama mmoja wa kujitolea amlaze, amlishe, amtembeze boma kwa boma.

Mwisho wa mwezi wa tano, kwenye mkutano wa Kabati, mwenyekiti wetu Mzee Kivuva aliuliza nani atamtunza Diwani huku kwetu Mukuyuni. Wanaume wakaanza kuangalia viatu vyao. Dume mkubwa anakula, bwana. Nikainua mkono.

"Wewe msichana?" Mzee Kivuva akauliza.

"Mimi ni mama, mzee."

"Sawa, mama. Una kondoo ngapi?"

"Mmoja."

Watu wakacheka. Nikaona ni afadhali niseme yote. "Na huyo mmoja ni wa mtoto."

Wakacheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Lakini Kimeu, yule anayefundisha wanachama wapya bila malipo, akasimama. "Mwenye kondoo mmoja anajua huyo mmoja ameamkaje," akasema. "Mpeni."

Basi wakanipa. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa dume la Umoja, na nilirudi nyumbani kwenye pikapu nikiwa nimekaa nyuma na Diwani, nimemshika shingo, nikijiona kama nimepewa jimbo.

Sasa niseme juu ya huyo kondoo mmoja. Ni jike mwekundu, aina yetu ya zamani, rangi yake ni ya chai iliyoiva vizuri, na ndiyo maana Kathini alimwita Chai. Susu yake, yaani mama mkwe wangu Syokau, alimpa siku alipoanza chekechea. "Kalamu itamsomesha," alisema, "lakini kondoo atanunua kalamu." Majike ya majirani zetu wote ni hivyo hivyo, mekundu. Boma tisa, majike thelathini na manne, na yote ukiyaona mlimani kwa mbali utasema ni vichuguu vimeanza kutembea.

Kabla ya kumchukua Diwani, Kimeu alinifundisha jinsi ya kujua kazi yake. Unachukua udongo mwekundu, unauchekecha, unachanganya na mafuta ya kupikia mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Kila asubuhi unampaka dume kifuani. Akipanda jike, udongo unabaki mgongoni mwa jike, juu ya mkia. Jioni unatembea, unaangalia nani ana doa, unaandika tarehe. Ukijua tarehe, unajua siku ya kuzaa, ni miezi mitano kasoro siku chache.

Nilimwona Kimeu akifanya hivyo kwa macho yangu pale Kabati, kwenye jike lake jeupe. Doa lilionekana kama muhuri kwenye barua. Nikaandika neno kwa neno kwenye daftari langu.

Lazima mnielewe kuhusu daftari. Niliacha shule darasa la sita. Nilirudi nikiwa na mimba ya Kathini, masomo ya jioni, darasani pamoja na akina mama wa rika la Syokau, tumekalia madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nilimaliza nikiwa na mtoto mgongoni. Mtu aliyesoma hivyo, kitu kikiwa kimeandikwa, anakishika kama kamba ya kisima. Kwa hivyo asubuhi ya kwanza, Kathini alipochungulia kopo la udongo, akamtazama na Chai, kisha akaninong'oneza, "Udongo na Chai ni sawasawa," mimi nilimbusu shavuni. Niliona ni mtoto anampenda kondoo wake. Nikaendelea kupaka.

Nilipaka wiki tano. Kila asubuhi nampaka Diwani, namtembeza: Jumatatu kwa fulani, Jumanne kwa fulani. Kila jioni naangalia migongo. Hakuna doa. Naandika sifuri. Kesho yake tena sifuri. Daftari likajaa mayai.

Na kijiji kina macho. Kisimani niliulizwa kama Diwani ameapishwa. Kanisani, baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya alinivuta kando akaniambia kwa uso wa maombi, "Mama Kathini, labda huyo ameokoka." Hata Syokau, ambaye ananipenda, alikuwa akimpita Diwani asubuhi anamwambia, "Habari ya likizo?"

Lakini bingwa wa mzaha alikuwa Mzee Kyule, jirani tunayepakana naye ua. Kyule ana dume lake la kienyeji, dogo, jekundu, lenye kiburi. Sheria ya Umoja ni kwamba dume la Umoja likija, madume yote ya kijiji yanavaa aproni ya gunia tumboni, ili yasipande. Kyule alilikatia lake aproni kutoka gunia la mbolea, na kwa bahati kipande alichokata kilikuwa na maandishi ya uzito, kilo hamsini. Dume lenyewe halifiki kilo ishirini na tano likiwa limelowa mvua. Tangu siku hiyo likaitwa Hamsini.

"Mama Kathini," Kyule alikuwa akiniita juu ya ua, "mwambie Diwani kama kazi ni ngumu, Hamsini yuko tayari kumshikia. Anaomba tu kuvuliwa koti!"

"Mwambie Hamsini akae na koti lake, mzee. Kuna baridi."

Nilicheka naye, lakini ndani nilianza kuwa mdogo. Na asubuhi ile Diwani alipokula muthokoi, nilijua siku yenyewe imefika, kwa sababu Mzee Kivuva alikuwa amepiga simu jana. Alisema anakuja. Alisema anakuja na Maalim.

Maalim ni mnunuzi wa mifugo. Watu wake ni wa kaskazini mashariki, lakini yeye na mkewe Hodan wamekaa Salama, pale barabara kuu, miaka mingi mpaka anatania kwa Kikamba. Mnyama akiondoka na Maalim, anaondoka.

Walifika saa nne. Majirani nao wakafika, kila mmoja akijifanya anapita tu. Mzee Kivuva alikaa, akakubali chai, akaimaliza yote kabla ya kusema. Hapo nikajua ni mbaya.

"Mama Kathini, hakuna mtu anakulaumu. Umejitolea, umefanya. Lakini wiki tano, sifuri? Umoja hauwezi kuzungusha dume ambaye hafanyi kazi. Nimeona Maalim amchukue. Na nikisema ukweli, wanachama wa Kitui wananiuliza kwa nini tulimtoa kwao, kule alikuwa anazalisha. Wanasema dume mwingine asiletwe huku."

"Asiletwe msimu ujao, mzee?"

"Asiletwe tena."

Niliangalia wale mama waliosimama kwenye ua. Mmoja ana majike matatu, mwingine manne. Hakuna kati yetu anayeweza kununua dume kama Diwani hata tukiungana. Ni mimi niliyeinua mkono kwa niaba yao, na sasa mlango ulikuwa unafungwa mkono wangu ukiwa ndani.

Maalim alikuwa tayari ameshaingia bomani. Alimfungua Diwani mdomo, akaangalia meno, akamshika mgongo, akaingiza mkono kule chini ambako mnunuzi huingiza mkono. Diwani akamvumilia.

"Huyu ni mzima," Maalim akasema. "Mzima kuliko mimi. Nani alisema hafanyi kazi?"

"Daftari," Kyule akajibu kutoka uani, na watu wakacheka.

Nilimletea Maalim daftari. Nilimletea na kopo la udongo ili aone sikukosea hata kijiko. Akalitazama kopo. Akamtazama Chai aliyekuwa amesimama karibu. Akatazama chini, uwanja wetu mwekundu. Akamtazama Chai tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mwisho akacheka mpaka akashika mti wa ua asianguke.

"Dada yangu," akasema akipangusa macho, "ukiandika kwa chaki nyeupe kwenye ubao mweupe, utasoma nini?"

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Kondoo wa Kimeu kule Kabati ni weupe. Kondoo wetu ni wekundu kama udongo wenyewe. Wiki tano! Na Kathini aliniambia siku ya kwanza kabisa, nikambusu nikampuuza. Aliposikia watu wanacheka alikuja akajificha kwenye leso yangu, na mimi nikamwekea mkono kichwani.

Maalim akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akampangusa Chai juu ya mkia. Kitambaa kikatoka kimeiva, chekundu.

"Udongo wa Diwani huo!" nikapiga kelele. Sikujua nina sauti ya namna hiyo.

"Ngoja kidogo," Kyule akasema. "Maalim, niazime hicho kitambaa." Akaruka ua, mtu mzima yule, akampangusa mbuzi wetu aliyefungwa kando. Kitambaa kikatoka chekundu. Akajigeuza, akajipangusa nyuma ya suruali yake. Chekundu. Akakiinua juu wote waone. "Basi hata mimi Diwani amenipanda!"

Ah, hapo hakuna aliyebaki amesimama sawa. Syokau alikaa chini. Mzee Kivuva alivua miwani. Hata mimi, na machozi yangu yakiwa karibu, nilicheka.

Lakini Kyule hakuwa amemaliza. Alipokishusha kitambaa, uso wake ulikuwa na aibu kidogo. "Na tusidanganyane," akasema. "Mwanzo wa mwezi uliopita niliamka nikakuta aproni ya Hamsini imening'inia kwenye ua, yeye mwenyewe yuko upande huu. Usiku mzima. Kwa hivyo hata kama majike yameshika mimba, ni ya nani?"

Wote wakamgeukia Mzee Kivuva.

Mzee Kivuva akavaa miwani, akafikiri. Ni mtu wa haki, huwa anafikiri mpaka unamwonea huruma. "Kichwa kitasema," akasema mwisho. "Mbegu ya Diwani hutoa kichwa cheusi. Mbegu ya Hamsini ni nyekundu mwili mzima. Huyu jike wa mtoto analala boma moja na Diwani. Kama hata yeye atazaa kitoto cha Hamsini, hakuna haja ya kungoja wengine: Diwani ataenda na Maalim, na huku hatuleti dume tena. Akizaa kichwa cheusi, Diwani amalize msimu wake kwa heshima, na zamu ya Mukuyuni ibaki milele."

"Na mpaka hapo, nani anamlisha?" mtu akauliza. Ilikuwa mwezi wa saba, nyasi zimeanza kukauka.

"Mimi," nikasema.

Maalim aliondoka na kamba yake tupu. Langoni aligeuka akaniambia, "Tumia masizi, dada. Nyeusi inaonekana."

Kathini alikwangua masizi kwenye makalio ya sufuria zote za ukoo. Nikachanganya na mafuta, nikampaka Diwani, akawa mweusi kifuani kama fundi wa magari. Nikamtembeza boma zote tisa. Siku ya kwanza hakuna doa. Siku ya pili hakuna. Wiki tatu nzima, hakuna doa jeusi hata moja.

"Sasa umebadilisha rangi ya sifuri," Kyule akaniambia.

Usiniulize nililia wapi. Lakini nilipokaa na daftari mezani, nikaanza kufikiri kama tulivyofundishwa jioni zile: usiangalie jibu tu, angalia swali limeuliza nini. Jike ambaye hana mimba hurudi kumtafuta dume kila baada ya siku kumi na saba hivi. Jike mwenye mimba hamtaki dume hata kumwona. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anarudi. Thelathini na wanne! Basi wote walikuwa wameshashika kabla ya masizi. Ulikuwa ukurasa ule ule wa sifuri, lakini sasa niliusoma nikitabasamu.

Ya nani, hilo ndilo lililobaki.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kirefu. Niliona nitamlisha Diwani peke yangu, lakini haikuwa hivyo. Syokau aliokota maganda ya migunga alipokuwa akitoka kanisani, akiyabeba kwenye begi la Biblia. Mama wa kwaya, yule aliyesema Diwani ameokoka, alileta mabua. Jumatano moja mwethya ilikuja kwetu bila kuitwa, wakachimba shimo la kuhifadhi majani makavu na kulifunika kwa karatasi ya nailoni, huku Diwani akizunguka katikati yao akisalimia kila mtu. Jioni fulani niliona mtu akipitisha mzigo wa majani ya viazi vitamu juu ya ua.

"Mzee Kyule? Kumbe unamlisha Diwani?"

"Diwani gani? Haya ni yako, mama Kathini. Upike."

"Mzigo mzima?"

"Una familia kubwa," akasema, akaondoka haraka.

Mwezi wa kumi ulipofika mwisho, mvua ikanyesha. Chai alikuwa mpana kama meza. Kulingana na siku Diwani alipofika, nilihesabu Chai azae wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, na Mzee Kivuva akapanga mwethya ya kuogesha kondoo iwe kwetu Jumatano ya wiki hiyo.

Walikuja wengi kuliko wakati wowote. Pikapu ya Kabati ilileta Mzee Kivuva na Kimeu, na Kimeu alianza kuniomba msamaha kabla hajashuka. "Nilikufundisha kwenye kondoo nyeupe," akasema. "Huo ni ualimu gani?" Maalim alikuja na boda kutoka barabarani, kamba begani. Alipoona naitazama kamba, akaipeleka nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

Tulianza kazi. Wanaume walishika kondoo, wanawake tukachanganya dawa, nyimbo zikaanza. Saa tatu na nusu Kathini akanivuta leso, nikainama. "Chai amelala nyuma ya jikoni," akanong'ona. "Anakuna chini na mguu."

Sikusema kwa sauti, lakini Syokau aliuona uso wangu. Dakika mbili baadaye mwethya yote ilikuwa imeacha kondoo ndani ya dawa na kumiminika kuelekea jikoni. Chai akaona watu sitini, akasimama, akataka kukimbia.

"Rudini!" Mzee Kivuva akaamuru, akitandaza mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. "Jike linazaa, si mkutano wa hadhara! Nani anaweza kukaa naye?"

Nikasogea, Chai akarudi nyuma. Syokau akasogea, ikawa hivyo hivyo. Kathini alipopita chini ya mkono wa Mzee Kivuva, Chai alitulia, akalala.

Basi sisi wote tukachuchumaa upande huu wa ukuta mfupi wa nyuma ya jikoni, Chai asituone, na binti yangu akabaki upande ule peke yake na kondoo wake. Tuliona tu ncha ya kilemba chake. Kila mtu aliongea kwa kunong'ona. Kijiji kizima kikawa kinaongea kama Kathini.

Syokau ndiye aliyechungulia kwenye ufa wa ukuta. "Miguu ya mbele imetoka," akanong'ona. Kisha akasita. "Myekundu."

Pumzi zikashuka. Yule mama mwenye majike matatu akafunga macho. Maalim akatazama mbali, upande wa barabara. Mimi nilikuwa nimeshika kopo tupu la dawa, sijui kwa nini, na nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili.

Kyule alikuja akachuchumaa kando yangu. Alikuwa amevua kofia. "Mama Kathini," akasema polepole, "hata hako katoto kakitoka kekundu kote, mimi sitacheka. Na Hamsini nitamshonea aproni ya ngozi, naapa."

"Asante, mzee."

"Na sitaki Diwani aende," akaongeza, akitazama kofia yake. "Nani nitamtania?"

Upande wa pili Chai alitoa sauti nene, ya kujikaza. Halafu ikaja sauti ya kitu kikiteleza, na ya ulimi wa kondoo ukilamba. Syokau alikuwa ameganda kwenye ufa. "Nini?" tukamwuliza. "Mwaitu, mama, nini?" Akatikisa kichwa: Chai alikuwa amempa mgongo, haoni.

Kilemba cha Kathini kikainama. Kikakaa chini muda mrefu. Kisha kikainuka, kikapanda juu ya ukuta, na chini yake ukaja uso wa binti yangu, umelowa jasho na udongo. Aliwaangalia watu sitini. Nilifungua mikono ili aje aninong'oneze sikioni, kama siku zote.

Hakuja. Alisimama pale pale, akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye pikapu:

"Kana kichwa cheusi."